Sekunde Thelathini za Injinia Kesho

Soksi zake alizianika juu ya mtambo. Mtambo wenyewe, ule unaoendesha kompyuta za hospitali, ni kabati refu la chuma lenye feni nyuma, na feni hizo hutoa hewa ya moto mchana kutwa. Injinia Kesho aliona moto wa bure usipotee. Kila nilipoingia kupiga deki, harufu ya soksi zilizopikwa ilinipokea mlangoni kama mwenyeji.

Jina la Kesho tulimpa sisi wafagizi wa hospitali. Ukimwambia printa ya maabara inatafuna karatasi, anasema kesho. Ukimwambia taa ya korido imekufa, kesho. Hakuwa mtu wa kukaripia. Alikuwa mcheshi, na nadhani ndiyo maana ilinichukua muda kujua kwamba simpendi. Nilidhani nachukia soksi tu.

Chumba kilikuwa na mengine. Vikombe vya chai vilivyoota ukungu wenye manyoya. Mifupa ya kuku kwenye droo ya nyaya. Kucha alizokata zilidondokea kwenye kibodi, zikakaa katikati ya herufi kama maganda ya mchele, na mimi ndiye niliyezichokonoa moja moja. Nilizichokonoa nimebana pumzi. Yeye alikuwa kando yangu anaongea na simu, anacheka.

Nyumbani niliishi na mama mdogo, ndiye aliyenilea. Ni fundi cherehani, hushona sare za shule. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limeshafunga duka kabisa. La kulia liliona kama mtu anayechungulia kwenye kioo cha bafuni chenye mvuke. "Huyu mtoto wa jicho," alikuwa akisema, "sikumzaa mimi, lakini ananila kuliko wewe."

Alikataa kuacha kushona. Siku moja sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole chake cha shahada ikatokea upande wa pili, pamoja na uzi. Nilikuwa nje nafua. Aliniita kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba maji: "We mtoto, njoo unifumue." Nikamkuta ameshonwa kwenye kola ya shati la mtoto wa watu. Nilikata uzi kwa mkasi nikauvuta. Ulitoka mwekundu, na mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baada ya hapo sikuwa na wazo jingine ila macho yake.

Madaktari wa upasuaji wa macho walikuwa wakija hospitalini kwetu mara mbili kwa mwaka, wiki moja moja, na kila safari walipasua watu sitini. Zamani watu walipanga foleni getini. Wakatokea walanguzi, wanajiandikisha majina mengi kisha wanauza nafasi, basi Mkurugenzi akaamuru kila kitu kifanyike kwa mtandao. Orodha ingefunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Anayewahi ndiye anayepata.

Saa mbili kamili nilikuwa nimejificha kwenye stoo ya mifagio na simu yangu. Niliandika jina la mama mdogo herufi kwa herufi, nikalisoma mara mbili. Nikaandika na namba yake ya kadi. Mikono ilikuwa na sabuni, kioo cha simu kikawa hakinielewi. Nilipobonyeza ilikuwa saa mbili na dakika nne.

Kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Halafu ukurasa ukawa mweupe, na maneno yakatokea: *Muda umekwisha. Tafadhali jaribu tena.*

Nikajaribu tena. Mimi ni mtu wa kutii. Ukurasa ukasema vilevile, nikajaribu tena, ukasema vilevile, nikajaribu tena. Mara ya nne ukajibu: *Umeandikishwa. Asante.* Nilikaa juu ya ndoo nikalia kidogo, kwa furaha.

Alhamisi walibandika orodha kwenye ubao wa wodi ya macho. Karatasi ya kwanza ilikuwa na majina sitini. Nililitafuta la mama mdogo toka juu hadi chini, kisha toka chini hadi juu. Halikuwamo. Karatasi ya pili ilikuwa ndefu zaidi, na kila jina limepigwa mstari mwekundu. Juu iliandikwa: *Waliofutwa kwa kosa la kujiandikisha zaidi ya mara moja. Hawaruhusiwi kuomba kwa miezi kumi na miwili.* Walikuwa watu mia moja arobaini na watatu. Mbele ya kila jina kulikuwa na saa alizojiandikisha, mpaka sekunde. Za mama mdogo zilikuwa nne.

Pembeni yangu alisimama dereva wa lori, nilimjua kwa fulana ya kampuni yake, amemshika mama yake mkono. Mama yake alikuwa na macho meupe kama maziwa.

"Mama," dereva akasema, "wanasema wewe ni mlanguzi."

"Nimelangua nini, mwanangu?" mama akauliza. "Choo chenyewe sikioni."

Watu wawili watatu wakacheka. Sista wa wodi, mama mmoja mnene anayetembea haraka, akapita katikati yao na trei yake. "Msijazane hapa," akasema. "Wenye haki wamepata. Waliotaka kuwaibia wenzao wamejulikana." Alimwangalia yule mama kizee kama anavyoangaliwa mtu aliyetema mate sakafuni.

Niliinamisha kichwa nikaendelea kusukuma dekio.

Ijumaa niliingia kwa Injinia. Alikuwa anakula kuku juu ya meza, viatu ameviweka kando, vidole vya miguu vinapumua juu ya kiti cha pili. Nilideki mpaka nikafika chini ya kiti chake. Hapo maneno yakatoka kabla sijayapanga.

"Injinia, ukurasa ulisema nijaribu tena."

"Ukurasa gani, mama wa usafi?"

"Wa kuandikisha macho. Ulisema muda umekwisha, nijaribu tena. Nikajaribu. Sasa mama yangu mdogo amefutwa."

Akaacha kutafuna. "Ulijaribu mara ngapi?"

"Nne."

"Nne!" Akacheka hadi punje ya nyama ikaruka ikatua kwenye kioo cha kompyuta. "Yangekuwa mabao, saa hizi ungekuwa umebebwa mabegani!"

Sikucheka. Niliangalia ile punje ikiteleza polepole juu ya kioo. Nadhani alipenda kufundisha, na mtu asiyejibu ni mwanafunzi mzuri, kwa hiyo akavuta mifupa miwili akaipanga mezani.

"Huyu ni mlinzi wa mlangoni," akasema, akigusa paja. "Na huyu," akagusa bawa, "ni karani wa ndani. Wewe unakuja na ombi lako. Mlinzi analipokea anampelekea karani. Karani wetu ni mzito, kwa sababu kila jina analitafuta kwanza kwenye mafaili yote ya zamani. Watu wakiwa wengi anazidi kuwa mzito. Sasa mimi nimempa mlinzi sekunde thelathini. Zikipita bila jibu, anakwambia muda umekwisha, jaribu tena. Umenielewa?"

"Na karani?"

"Karani anafanyaje?"

"Karani anaambiwa kwamba muda umekwisha?"

Aliniangalia, nadhani kwa mara ya kwanza. "Haambiwi," akasema. "Yeye hana habari. Anaendelea na kazi yake mpaka amalize, analiandika jina."

"Kwa hiyo jina liliandikwa ile mara ya kwanza."

"Ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Karani mchapakazi huyo!" Akamwinua karani kutoka mezani, akamnyonya.

Nilisikia mate yakinijaa mdomoni, yale mate ya mtu anayetaka kutapika. Nikamuuliza kwa nini alimpa mlinzi muda kama alijua hivyo. Akasema mwaka uliopita hakumpa muda wowote. Maombi yalisimama mlangoni yanangoja na kungoja, hakuna anayetoka wala anayeingia, mpaka mtambo wote ukaganda siku nzima na Mkurugenzi akampigia kelele mbele za watu. Sasa haugandi. Mkurugenzi ana furaha.

"Na tena hata si kosa langu," akasema. "Programu hii ni ya bure. Imeandikwa na watu wa kila pembe, wanajitolea, na yeyote anaweza kuifungua akaisoma akairekebisha. Niliwauliza kwenye kundi lao. Kuna mtu akanijibu, hata simjui, hanijui. Tazama."

Akachomoa karatasi. Ilikuwa chini ya kuku. Alikuwa ameifanya sahani.

Niliipokea. Ilikuwa na joto na ilinatanata. Mtu huyo, popote alipo, alikuwa ameandika hivi: *Ndugu, kuweka kikomo mlangoni ni vizuri, lakini hakutoshi. Mlango ukikata tamaa, wa ndani naye aambiwe aache. Na kila ombi lipe namba yake, ili likirudi mara ya pili litambulike kuwa ni lile lile, lisihesabiwe jipya. Hapa chini nimekuandikia mistari ya kuongeza, nimeijaribu kwangu inafanya kazi. Ukikwama niulize, usione haya.* Kisha mistari ikafuata. Niliihesabu, kumi na mmoja. Mafuta ya kuku yalikuwa yameshafika mstari wa saba, na yalikuwa yanaendelea.

"Mbona hukuiongeza?"

"Nilitaka kuiongeza kesho yake. Halafu Mkurugenzi akaleta ile sheria ya walanguzi: jina likijirudia, lifutwe. Nikaona, aa, basi. Yanayojirudia yatajifuta yenyewe."

Mistari kumi na mmoja. Mtu asiyemjua alikaa akaiandika, akaijaribu, akamwambia usione haya. Na huyu akaiwekea kuku. Nimesafisha vyoo vya wagonjwa wa kuhara, nimebeba ndoo za chumba cha upasuaji. Sijawahi kushika kitu kilichonitia kinyaa kama karatasi ile.

Pengine kinyaa hicho kilijiandika usoni mwangu, maana akashusha miguu na sauti pamoja.

"Sikiliza, dada yangu. Hili usilipeleke kwa Sista. Tuongee kama watu wazima." Akafungua orodha kwenye kompyuta, kidole kikaacha alama ya mafuta kila alipobonyeza. "Nikiwarudisha wote mia na arobaini na ushei, kwa zamu zao za haki, mama yako mdogo anakuwa wa ngapi? Huyu hapa. Wa sitini na nane. Vitanda ni sitini. Umeona? Haki yenyewe inamtoa. Lakini asubuhi kuna mtu amepiga simu kwamba hatakuja. Nafasi moja iko wazi. Nikimrudisha yeye peke yake, kimya kimya, Jumatano anapasuliwa. Chagua wewe."

Nilifikiria kidole kwenye kola. Haikuchukua hata sekunde thelathini.

"Mrudishe yeye," nikasema.

Akabonyeza. Akanigonga begani. "Sasa sisi ni ndugu." Alipoondoa mkono, vidole vyake vitano vilibaki kwenye sare yangu, vinang'aa.

Nyumbani nilimweleza mama mdogo kila kitu. Sikuweza kumficha; yeye akishindwa kuona uso wangu husikiliza ninavyovua viatu. Alikaa kwenye cherehani bila kushona, mguu juu ya pedali.

"Kwa hiyo nimeingia kwa mlango wa uani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na wale wengine?"

"Wamefungiwa mwaka mzima."

"Wote walibonyeza tu kama wewe?"

"Wote."

Nilingoja aseme sitaki. Naona aibu kuandika hivi, lakini nilimngojea yeye awe mwema ili mimi nisilazimike.

"Mimi nataka kuona, mwanangu," akasema mwishowe. "Usinitafutie utakatifu kwa jicho langu. Tafuta kwa lako. Nikishaona, kaseme unachotaka."

Madaktari wakaja. Karatasi ya wale sitini ilikuwa na jina moja lililoongezwa kwa kalamu, na hakuna aliyeuliza. Jumatano wakampasua, jicho la kulia. Alhamisi asubuhi Sista mwenyewe akamfungua bandeji, taratibu, akimwambia asikodoe. Mama mdogo akapepesa. Akaangalia ukuta, akaangalia sakafu, kisha akaniangalia mimi na ndoo yangu.

"Kumbe korido ni chafu hivi?" akasema. "Na mfagizi ni wewe?"

Wodi nzima ikacheka, Sista akacheka hadi akajifuta machozi. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa furaha ya kweli. Lakini chini yake nilikuwa kama mtu aliyekula kizuri akakumbuka kilipopikiwa.

Injinia naye hakukawia kula undugu wetu. Mifupa haikuwekwa tena kwenye droo, iliachwa sakafuni, ndugu ataokota. Kikohozi kikimjia alitema kwenye pipa lisilo na mfuko, ndugu atasuuza. Ijumaa alinitupia kitu laini kikanigonga kifuani, nikakidaka. Zilikuwa soksi, za moto, zimekauka zikawa ngumu kwenye vidole.

"Ndugu, nisuuzie na hizo."

Nilizisuuza. Nataka lijulikane. Nilisimama kwenye sinki la wafagizi nikazisugua kwa sabuni yangu, maji yakatoka meusi.

Jumamosi madaktari wakaondoka. Jumatatu nilikuwa nadeki mbele ya ofisi ya Sista. Yule dereva wa lori alikuwa amerudi na mama yake. Hakuja kugombana. Alikuwa ameshika kofia mkononi, anaomba mama yake aondolewe ule mwaka, ili awamu ijayo waombe.

"Ukurasa ulisema tujaribu tena, Sista. Tulijaribu mara tatu tu."

"Kila mlanguzi ana hadithi," Sista akasema. "Mnatumia hata kizee asiyeona? Mnanitia kinyaa. Tokeni."

Dereva alivaa kofia. Mama yake akageuka upande usio na mlango, akapapasa ukuta, mwanawe akamgeuza. Wakapita kando yangu. Mama akakanyaga majimaji niliyomwaga, akasema, "Samahani, mwanangu, nimekuchafulia."

Niliweka dekio chini. Nilibandua karatasi ya pili kutoka ubaoni, ile ya mistari myekundu, nikaingia ofisini bila kubisha hodi. Sijawahi kuingia kwa mtu bila hodi maishani mwangu.

"Sista, angalia saa."

"Saa gani? Nani amekuruhusu kubandua hiyo?"

"Saa za waliofutwa. Usiangalie majina." Nikakandamiza kidole kwenye karatasi. "Huyu mama aliyetoka. Mara ya kwanza mpaka ya pili ni sekunde thelathini na tatu. Ya pili mpaka ya tatu, thelathini na moja. Huyu, thelathini na mbili. Huyu, thelathini na mbili. Wote. Ukurasa unawakatalia baada ya sekunde thelathini, nao wanabonyeza tena. Jina lilikuwa limeshaandikwa. Hawakujua. Hakuna mlanguzi anayengoja hivyo, tena watu mia na arobaini na watatu, kila mmoja kwake."

Sista akavaa miwani. Akashuka na kalamu jina kwa jina, midomo ikihesabu. Alipofika katikati ya karatasi aliacha kuhesabu, akakaa.

"Mungu wangu," akasema. "Na madaktari wameondoka juzi." Kisha: "Nani amekueleza haya?"

"Injinia. Alijua tangu mwanzo. Kuna mtu alimwandikia namna ya kurekebisha, hakurekebisha."

"Na wewe ulijua lini?"

Ningeweza kusema jana. Alikuwa tayari kuniamini. Alikuwa tayari hata kunishukuru, niliona.

"Ijumaa ya wiki ile ya orodha," nikasema. "Kabla hawajaja."

Hakuelewa mara moja. Kisha akavuta faili lake, akatoa nakala ya wale sitini, akaweka kalamu juu ya jina lililoandikwa kwa mkono.

"Huyu ni nani wako?"

"Mama yangu mdogo."

"Nilimfungua jicho kwa mikono yangu," akasema. "Nilicheka naye."

Akavua miwani. Uso alionitazama nao ninaujua. Miaka miwili nimeuvaa mimi, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, nikiinama mbele ya kiti cha Injinia. Nilikuwa sijawahi kuuona kwa mbele. Mdomo unajikunja kidogo, pua inajifunga, na macho hayataki kukaa juu yako.

"Huu mwaka wa kufungiwa naufuta leo kwa wote, na Mkurugenzi atanisikia," akasema. "Huyo Injinia wako nitajuana naye. Lakini yule mama hajafika getini. Kamwite wewe. Mwambie haya kwa mdomo wako, si kwa wangu."

Nilikimbia na viatu vya mpira vinavyopiga kelele. Niliwakuta karibu na kibanda cha mlinzi. Nikaita, "Mama! Mama, ngojeni!" na watu wote wakageuka, mlinzi, wauguzi, wagonjwa waliokaa juani, na mimi ni mtu ambaye hata jina langu mwenyewe hulisema chini chini.

"Nini tena?" dereva akauliza. "Tumeiba na dekio?"

"Hapana, kaka. Mama hakukosea. Ameondolewa kosa. Kuna jambo nataka kumwambia, ni langu mimi."

"Sema basi, mwanangu," mama akasema. Akanigeuzia macho yake meupe yote mawili, akayaelekeza kidogo pembeni ya uso wangu, akangoja.

Nikaanza na ile Ijumaa.